Jaji wa Shirikisho Huondoka Lini?

Katika darasa la uraia ninalowafundisha wazee na vijana wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, kuna jambo moja katika mtihani ambalo huzua mjadala kuliko mengine yote. Mtihani mpya ulioanza kutumika mwaka 2025 una swali linalomtaka mwombaji aseme majaji wa Mahakama ya Juu huhudumu kwa muda gani, na jibu ni kwamba huhudumu maisha yao yote. Kisha lipo swali jingine linalouliza kwa nini iwe hivyo, na jibu linalotakiwa ni kwamba wawe huru, wasielemewe na siasa. Jibu la kwanza wanafunzi wangu hulikariri bila shida. Ni la pili linalowafanya waweke kalamu chini na kuanza kuulizana. Mzee mmoja aliyetoka Bukavu aliniuliza, "Mwalimu, na jaji huyo akiharibika je? Na akizeeka?"

Maswali hayo mawili, la kuharibika na la kuzeeka, yanahitaji majibu mawili tofauti, na kwa maoni yangu mjadala unaoendelea nchini humu kuhusu majaji unapotea njia kwa sababu unayachanganya. Naamini kwamba kumwondoa jaji kwa nguvu hakuna budi kuendelea kuwa jambo gumu sana, gumu kama lilivyo leo. Naamini vilevile kwamba haifai jaji yeyote kukaa katika kiti chake mpaka mauti yamkute pale au akili yake imwache. Katiba ya Marekani ililishughulikia jambo la kwanza vizuri. La pili haikuligusa.

Ieleweke kwanza ni majaji gani tunaowazungumza, maana hapa ndipo watu wetu wengi wanapochanganyikiwa. Jaji ambaye mhamiaji anayeomba hifadhi husimama mbele yake hana ulinzi huo wa maisha. Jaji wa uhamiaji ni mtumishi wa Wizara ya Sheria. Huteuliwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Mwanasheria huyohuyo anaweza kumwachisha kazi, kama ilivyotokea mwaka 2025 ambapo makumi kwa makumi ya majaji hao waliondolewa. Hata uamuzi wake unaweza kuchukuliwa na Mwanasheria Mkuu, ukasomwa upya ofisini kwake na kubatilishwa. Hata bodi inayosikiliza rufaa ya kwanza ya kesi hizo nayo imo ndani ya wizara hiyohiyo. Ni mpaka kesi inapopanda kufika Mahakama ya Rufaa ya shirikisho, au mtu aliyewekwa kizuizini anapoomba mahakama ya wilaya ya shirikisho ichunguze uhalali wa kufungwa kwake, ndipo anapokutana na jaji ambaye Rais hawezi kumfukuza. Wako zaidi ya 850 wa aina hiyo nchi nzima, kuanzia mahakama za wilaya hadi wale tisa wa Mahakama ya Juu. Wote huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Seneti, na wote wanalindwa na Ibara ya Tatu ya Katiba. Anayetaka kujua thamani ya ulinzi huo hahitaji kusoma nadharia yoyote. Azitazame tu mahakama hizi mbili, moja yenye jaji anayeweza kupokea barua ya kuachishwa kazi asubuhi, na nyingine yenye jaji asiyeweza kuguswa.

Ibara hiyo inasema mambo mawili mafupi: kwamba majaji watashika nyadhifa zao maadamu wana mwenendo mwema, na kwamba mshahara wao hautapunguzwa wakati wote wanapokuwa kazini. Maneno hayo hayakubuniwa Philadelphia, Katiba ilipoandikwa mwaka 1787. Nchini Uingereza, wafalme wa ukoo wa Stuart walikuwa wakiwaondoa majaji waliowakera, hadi sheria ya mwaka 1701 iliposema kwamba jaji atadumu maadamu ana mwenendo mwema na kwamba hataondolewa ila kwa ombi la mabaraza yote mawili ya Bunge. Lakini ulinzi huo Waingereza walijipa wenyewe. Makoloni yao ya Amerika hawakuyapa. Huko ng'ambo majaji waliendelea kukaa kwa ridhaa ya mfalme, na ndiyo maana Tangazo la Uhuru la mwaka 1776, lilipoorodhesha maovu ya Mfalme George wa Tatu, lilimshutumu kwa kuwafanya majaji wamtegemee yeye peke yake kwa muda wao wa kazi na kwa mishahara yao. Watu walioandika Katiba miaka kumi na moja baadaye walikuwa wameonja jambo hilo. Alexander Hamilton, akiitetea Katiba hiyo mwaka 1788, alieleza kwamba mahakama haina upanga wala mfuko wa fedha, inacho kipawa cha kuamua tu, na kwa hiyo kama haikulindwa kwa kudumu kazini itamezwa na mihimili mingine.

Njia ya kumwondoa jaji ni ileile ya kumwondoa Rais. Baraza la Wawakilishi humfungulia mashtaka kwa wingi wa kawaida wa kura, kisha Seneti husikiliza kesi, na ili atiwe hatiani ni lazima theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria wakubali. Katiba inataja makosa ya uhaini, hongo, na makosa mengine makubwa. Haisemi lolote kuhusu ugonjwa.

Sasa mtu angetarajia kwamba jaji wa kwanza kuondolewa kwa njia hiyo alikuwa mla rushwa au msaliti. Hakuwa. John Pickering wa New Hampshire alikuwa mzalendo wa enzi za mapinduzi na mmoja wa watu walioshiriki kuandika katiba ya jimbo lake, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1800 alikuwa mgonjwa wa akili na mlevi, akifanya vituko mahakamani mbele ya mawakili. Kila mtu alijua kwamba hawezi tena kazi. Tatizo ni kwamba hapakuwa na utaratibu wowote wa kumstaafisha mtu kama yeye, na chama cha Rais Thomas Jefferson, ambacho Pickering hakuwa wa upande wake, kikaamua kutumia silaha pekee iliyokuwepo. Mwanawe aliieleza Seneti kwamba baba yake amepoteza akili na hawezi kufika kujitetea. Maseneta walikuwa katika njia panda: wakikubali kwamba ni mgonjwa, basi hana hatia, na asiye na hatia hawawezi kumwondoa; wakikataa, watakuwa wamemhukumu mgonjwa kama mhalifu. Tarehe 12 Machi 1804 wakamtia hatiani kwa kura 19 dhidi ya 7. Mimi siwezi kusoma habari za kesi ile bila kumsikitikia yule mzee, na bila kuona kwamba kasoro iliyodhihirika siku ile haijazibwa hadi leo.

Siku hiyohiyo, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kumfungulia mashtaka Samuel Chase, jaji wa Mahakama ya Juu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa kuwa kama kuna kesi moja ambayo kila mtu anayezungumzia kuwaondoa majaji anapaswa kuifahamu, ni hii. Chase alikuwa mtu mzito kwa kila maana. Alikuwa ametia saini Tangazo la Uhuru, na George Washington alikuwa amemteua mwaka 1796. Vilevile alikuwa mkali, mwenye kiburi, na mfuasi wa chama aliyekuwa hajizuii hata akiwa kwenye kiti cha hukumu. Mwaka 1800 aliendesha kesi ya James Callender, mwandishi aliyeshtakiwa kwa kumkashifu Rais John Adams, kwa namna ambayo mawakili wa utetezi waliona kwamba hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla ya ushahidi. Mwezi Mei 1803, mjini Baltimore, alipokuwa akitoa maelekezo kwa wananchi waliokaa kupima mashtaka, aliligeuza jambo hilo kuwa hotuba ya siasa, akaishambulia serikali ya Jefferson na kuonya kwamba nchi inazama katika utawala wa makundi ya wahuni. Nikisema kwamba Chase hakufanya makosa nitakuwa ninadanganya. Alifanya, tena mabaya.

Lakini mashtaka manane yaliyoletwa dhidi yake yalikuwa na nia iliyokuwa kubwa kuliko yeye. Mwaka 1802 chama cha Jefferson kilikuwa kimeifuta sheria iliyounda mahakama mpya za mzunguko, na majaji 16 waliokuwa wameahidiwa kudumu kazini wakajikuta hawana mahakama za kufanyia kazi. Mwaka 1803 Jaji Mkuu John Marshall alikuwa ametangaza katika kesi ya Marbury kwamba mahakama ina uwezo wa kutamka sheria fulani kuwa batili. Iwapo Chase angeanguka, wengi waliamini kwamba zamu ya Marshall ingefuata. Kwa hesabu za chama, kazi ilikuwa rahisi: Seneti ilikuwa na maseneta 34, na 25 kati yao walikuwa wa chama cha Jefferson, ilhali kura zilizohitajika zilikuwa 23. Makamu wa Rais Aaron Burr aliongoza kikao, John Randolph wa Virginia akaongoza mashtaka, Marshall mwenyewe akaitwa kutoa ushahidi. Tarehe 1 Machi 1805 zikapigwa kura, na hakuna hata shtaka moja lililofikia kiwango. Lililokaribia zaidi lilikuwa lile la hotuba ya Baltimore, ambalo lilipata kura 19. Katika kila shtaka, maseneta wasiopungua sita wa chama kilichokuwa madarakani walikataa kumwondoa Chase, ingawa hawakumpenda na ingawa Rais wao alilitaka jambo hilo.

Chase alirudi kwenye kiti chake na akakaa hapo hadi alipofariki mwaka 1811, na hotuba za aina ile zikakoma. Tangu siku ile, kukasirishwa na hukumu hakujawahi kutosha kumwondoa jaji wa shirikisho. Hakuna kifungu cha Katiba kinachosema hivyo kwa herufi. Ni desturi iliyozaliwa na watu sita walioamua kupiga kura kinyume na maslahi ya chama chao. Ndiyo sababu ina nguvu, na ndiyo sababu pia ni dhaifu, kwa kuwa desturi inaweza kuvunjwa na kizazi chochote kitakachochoka nayo.

Kwa hiyo orodha ya walioondolewa ni fupi. Katika zaidi ya karne mbili, majaji 15 wa shirikisho wamefunguliwa mashtaka na Baraza la Wawakilishi, na wanane tu ndio waliotiwa hatiani na Seneti. West Humphreys wa Tennessee aliondolewa mwaka 1862 baada ya kuhamia upande wa waasi wa Kusini huku akiwa hajajiuzulu, na huyo hakuhitaji mabishano. Robert Archbald aliondolewa mwaka 1913 kwa kufanya biashara za makaa ya mawe na watu waliokuwa na kesi mbele yake. Halsted Ritter wa Florida, mwaka 1936, aliachiwa kwa kila shtaka mahususi, kisha akatiwa hatiani kwa shtaka la jumla la kuiaibisha mahakama, kwa kura 56 dhidi ya 28, theluthi mbili kamili bila kura moja ya ziada. Kesi hiyo hainikai vizuri moyoni. Mtu aliyeonekana hana hatia kwa kila jambo lililotajwa, anawezaje kuwa na hatia kwa jumla ya mambo hayohayo?

Kisha ikafuata miaka hamsini bila mtu kuondolewa, hadi ilipofika kesi ya Harry Claiborne wa Nevada, ambayo wanafunzi wangu huisikiliza kwa mshangao. Alitiwa hatiani na mahakama mwaka 1984 kwa makosa ya kodi, akapelekwa gerezani mwaka 1986, akakataa kujiuzulu. Na kwa kuwa kifungo hakimvui jaji wadhifa wake, aliendelea kulipwa mshahara wa jaji akiwa mfungwa mpaka Seneti ilipomwondoa mwezi Oktoba mwaka huo. Walter Nixon wa Mississippi naye alikuwa gerezani kwa kutoa ushahidi wa uongo chini ya kiapo alipoondolewa mwaka 1989, na alipoipeleka Seneti mahakamani akidai kwamba kesi yake ilisikilizwa na kamati badala ya Seneti nzima, Mahakama ya Juu ilimjibu mwaka 1993 kwamba namna Seneti inavyoendesha mashauri hayo ni juu ya Seneti yenyewe. Samuel Kent wa Texas, aliyehukumiwa kifungo mwaka 2009 kwa kesi iliyotokana na kuwadhalilisha kingono wanawake waliofanya kazi chini yake, alituma barua ya kujiuzulu ambayo ingeanza kufanya kazi mwaka mmoja mbele, ili mshahara usikatike. Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka haraka, na siku chache baadaye akaondoka. Wa mwisho kuondolewa na Seneti alikuwa Thomas Porteous wa Louisiana, mwezi Desemba 2010, aliyekuwa akipokea fedha kutoka kwa mawakili.

Nimemwacha mmoja kwa makusudi. Alcee Hastings alikuwa jaji wa kwanza Mwafrika-Mwamerika wa mahakama ya shirikisho jimboni Florida, aliyeteuliwa mwaka 1979. Alishtakiwa kwa kula njama ya kupokea hongo ya dola 150,000, na mwaka 1983 mahakama ya jinai ikamwachia huru. Majaji wenzake hawakuridhika, wakachunguza upya, na mwaka 1988 Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka kwa kura 413 dhidi ya 3. Seneti ikamwondoa mwaka 1989. Haikumzuia kushika wadhifa mwingine. Mwaka 1992 wananchi wa Florida wakamchagua kuingia katika Baraza lilelile lililomshtaki, na alikaa humo hadi alipofariki mwaka 2021. Wapo wanaoiona habari hii kama dhihaka kwa haki. Mimi naiona kama ushahidi kwamba kumwondoa mtu kwenye kiti cha hukumu ni jambo tofauti na kumpa adhabu: Seneti iliamua kwamba hafai kuwa jaji, wapiga kura wakaamua kwamba anafaa kuwa mwakilishi, na maamuzi yote mawili yakasimama.

Majaribio ya kuirudia njia ya mwaka 1804 hayakukosekana. Mwaka 1970 Gerald Ford, aliyekuwa kiongozi wa chama chake katika Baraza la Wawakilishi, alitaka Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu aondolewe, akadai kwamba kosa la kumfungulia mtu mashtaka ni lolote ambalo wengi bungeni wataliona kuwa ni kosa kwa wakati huo. Kama kauli hiyo ingekubaliwa, ulinzi wote wa majaji ungekuwa umekwisha, na kila uchaguzi ungekuwa pia uchaguzi wa majaji. Haikukubaliwa. Mwezi Machi 2025, Rais Donald Trump alipotaka Jaji James Boasberg aondolewe kwa sababu ya amri aliyoitoa kuhusu watu waliokuwa wakisafirishwa kwenda El Salvador chini ya sheria ya mwaka 1798, Jaji Mkuu John Roberts alitoa tamko siku hiyohiyo akikumbusha kwamba kwa zaidi ya karne mbili imekubalika kuwa kutoafikiana na hukumu si sababu ya kumwondoa jaji, na kwamba rufaa ndiyo njia. Nilifurahi kusikia tamko hilo likitolewa waziwazi. Nilihuzunika kwamba limehitajika.

Hilo ndilo jibu la swali la kuharibika. Kuhusu kuzeeka, Douglas mwenyewe ni mfano mzuri. Aliyenusurika na Ford mwaka 1970 alipatwa na kiharusi tarehe 31 Desemba 1974, na kwa miezi mingi ya mwaka 1975 alijaribu kufanya kazi akiwa hawezi. Wenzake walifikia makubaliano ya chinichini kwamba kesi yoyote ambayo kura yake ingeiamua iahirishwe. Yafikirie hayo: majaji wa mahakama iliyo juu kuliko zote wanalazimika kuificha kura ya mwenzao, kwa sababu hakuna mtu duniani mwenye mamlaka ya kumwambia apumzike. Hatimaye alistaafu mwezi Novemba mwaka huo baada ya kukaa miaka 36, muda mrefu kuliko jaji mwingine yeyote wa mahakama hiyo, na barua yake ya kustaafu ilipokewa na Rais aliyekuwa madarakani, ambaye ni Gerald Ford.

Walioandika Katiba hawakuweza kuliona jambo hili kwa ukubwa wake. Majaji wa Mahakama ya Juu walioondoka kazini kabla ya mwaka 1970 walikuwa wamekaa kwa wastani wa miaka 15 hivi. Walioondoka kati ya mwaka huo na 2005 walikaa kwa wastani wa miaka 26. Watu wanaishi zaidi, na marais wamejifunza kuteua vijana. Clarence Thomas aliapishwa mwaka 1991 akiwa na umri wa miaka 43, na yumo hadi leo. Matokeo yake ni kwamba jaji huchagua Rais atakayemteua mrithi wake kwa kuipanga siku ya kustaafu, au mauti humchagulia. Ruth Bader Ginsburg alifariki tarehe 18 Septemba 2020 akiwa na miaka 87, na kabla ya mwezi wa kumi kwisha nafasi yake ilikuwa imejazwa, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu. Mwelekeo wa sheria kwa mamilioni ya watu ukageuzwa na ugonjwa wa mtu mmoja. Sioni uhuru wa mahakama uko wapi hapo.

Katika mahakama za chini mambo ni afadhali kidogo. Tangu mwaka 1919 majaji wa huko wanaweza kuchukua hadhi ya jaji mwandamizi, ambayo leo humruhusu aliyefikisha miaka 65 na kutumikia 15 kupunguza kazi huku akibaki na mshahara wake na kuiacha nafasi ijazwe na mwingine. Wengi huichukua kwa hiari na ni jambo la heshima. Ila anayekataa, anakataa. Sheria ya mwaka 1980 inaliruhusu baraza la majaji kumwonya mwenzao, kumsihi astaafu, au kumsimamishia kesi mpya kwa muda, lakini haimruhusu yeyote kumwondoa, na majaji wa Mahakama ya Juu haiwahusu. Pauline Newman, jaji wa Mahakama ya Rufaa inayoshughulikia hataza, yaani haki za wavumbuzi, ambaye utaalamu wake katika eneo hilo hakuna anayeupinga, alisimamishwa kupewa kesi mpya mwezi Septemba 2023 akiwa na umri wa miaka 96, baada ya kukataa uchunguzi wa kitabibu ulioagizwa na wenzake waliotilia shaka uwezo wake. Yeye anasema yu mzima na ameleta maoni ya madaktari wake. Amri hiyo imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo ni jaji na si jaji: ana cheo, ana mshahara, hana kesi. Sina haja ya kuamua nani mkweli kati yake na wenzake. Ninachokiona ni fedheha ambayo isingempata mwanamke huyo, wala wenzake, kama kungekuwa na tarehe ya kuondoka inayojulikana na kila mtu tangu siku ya kuapishwa.

Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunaijua tarehe hiyo. Sheria ile ya Uingereza ya mwaka 1701 imezaa watoto kwetu pia. Kenya na Tanzania zilirithi wazo lilelile la kumlinda jaji, lakini zikaliwekea umri wa kukoma. Nchini Kenya jaji hustaafu akifikisha miaka 70 chini ya Katiba ya 2010. Nchini Tanzania ni miaka 60 kwa Mahakama Kuu na 65 kwa Mahakama ya Rufani, ingawa Rais ana uwezo wa kumwongezea jaji muda, na uwezo huo siupendi, kwa kuwa jaji anayengojea nyongeza anayo sababu ya kumtazama Rais usoni. Kutoweza kazi kwa sababu ya maradhi kumetajwa waziwazi kuwa sababu ya kumwondoa, na uchunguzi hufanywa na jopo badala ya wanasiasa. Mwanafunzi wangu yule wa Bukavu aliposikia hivyo alishangaa kwamba nchi kubwa kama Marekani haina jambo hilo.

Hata hivyo sisi pia tuna la kuogopesha. Mwaka 1988 Bunge la Kenya lilibadilisha Katiba na kuwaondolea majaji ulinzi wao wa kudumu kazini, likifanya hivyo kwa haraka ya kutisha, na kwa muda wa miaka miwili, hadi ulinzi huo uliporudishwa mwaka 1990, kila jaji alijua kwamba kazi yake iko mfukoni mwa Rais. Mwaka 2003, serikali iliyoingia kwa ahadi za mageuzi iliwasimamisha majaji 23 kwa mpigo kwa tuhuma za rushwa, na majina yao yakachapishwa magazetini kabla hawajasikilizwa. Wengi walishangilia. Nami naelewa kwa nini walishangilia, maana rushwa ilikuwepo. Lakini nchi inayoweza kuwafagia majaji wabaya kwa wiki moja inaweza kuwafagia wazuri kwa wiki inayofuata, na utaratibu wa haraka hauulizi ni nani anayeushika.

Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka theluthi mbili ya Seneti ipunguzwe, wala wanaotaka bunge lianze kuwaita majaji kwa sababu ya hukumu zao, wawe wa chama chochote. Pendekezo ninaloliunga mkono ni la muda maalumu: kila jaji wa Mahakama ya Juu akae miaka 18, zikipangwa nafasi tisa ili moja ifunguke kila baada ya miaka miwili, na kila Rais apate kuteua wawili katika muhula wake, hakuna wa kubahatika na hakuna wa kukosa. Rais Joe Biden alilitoa pendekezo hilo mwezi Julai 2024, lakini wapo wasomi wa pande zote mbili waliolitetea miaka mingi kabla yake. Ujerumani huwapa majaji wa mahakama yake ya katiba miaka 12 isiyoweza kurudiwa. Humu Marekani kwenyewe, Rhode Island ndilo jimbo pekee ambalo majaji wake wa mahakama ya juu hukaa maisha yote bila kikomo cha umri. Majimbo mengine yote yameshaachana na jambo hilo, au hayakuwahi kuwa nalo. Kwa majaji wa mahakama za wilaya na za rufaa, kikomo cha umri kingetosha, pamoja na haki ya kubaki na mshahara wao.

Pingamizi ninayoiheshimu ni ya wale wanaosema kwamba jaji anayejua ataondoka atakuwa akitafuta kazi inayofuata, na hivyo atawapendelea watakaompa. Inajibika: mshahara wa maisha ubaki, na aliyemaliza miaka 18 aendelee kusikiliza kesi katika mahakama za chini akipenda. Ngumu zaidi ni ile ya Katiba yenyewe. Wapo wanaodhani sheria ya kawaida ya Bunge inaweza kufanya kazi hiyo, kwa kumhamishia jaji mahakama nyingine baada ya muda wake bila kumvua ujaji. Mimi sishawishiki. Sheria inayopitishwa na chama kimoja ili kuwahamisha majaji waliowekwa na chama kingine inafanana mno na ile ya mwaka 1802, na mahakama itakayoamua uhalali wake ni hiyohiyo inayohamishwa. Marekebisho ya Katiba yanahitaji theluthi mbili ya mabaraza yote mawili na majimbo 38, na kwa hali ya siasa ilivyo hilo litachukua muda mrefu sana. Ningependa lichukue muda huo, na likianza liwahusu majaji watakaoteuliwa baadaye tu, ili asiwepo jaji aliyeko kazini leo atakayeweza kusema kwamba limetungwa kwa ajili yake.